Taa za kwa mama zilikuwa zinacheza

Nimerudi kutoka Tanga jana usiku na usingizi umekataa, kwa hiyo naandika.

Taa za nyumbani kwa mama zilikuwa zinacheza. Si moja, zote: ya sebuleni, ya chumbani, mpaka ya uani. Nilipouliza akanijibu, "Hiyo ndiyo tabia yake, mwanangu. Ukitaka kupiga pasi, zima friji kwanza, zitatulia." Kumbe ziko hivyo tangu kabla ya Ramadhani. Mama ana miaka 71, analala peke yake, na ameshajipangia maisha kulikwepa tatizo ambalo mimi, simu zote nilizopiga, sikuwahi kumuuliza.

Kwanza nililaumu umeme mdogo, kama tulivyozoea. Jioni nikamwita jirani juu ya ukuta: za kwenu zinacheza? Hazichezi, na umeme wake unatoka nguzo ile ile. Hapo nikajua ugonjwa uko kwetu, si mtaani. Ingekuwa taa moja ningeangalia balbu, holda na swichi yake. Zikicheza zote, shaka inahamia kwenye njia inayozilisha zote.

Asubuhi akaja fundi, binti aliyesomea chuo cha ufundi cha VETA, mwenye leseni. Akamwamkia mama, kisha akaomba pasi. Nilidhani ataomba ngazi. Akapima soketi ya sebuleni: volti 226. Akawasha pasi, ya wati 1,200, ikashuka hadi 217, na kule waya zinapoingilia kwenye meni swichi kipimo kikabaki karibu pale pale. "Volti 9 zinapotelea humu katikati, bibi," akamwambia mama. "Ngoja tuzitafute."

Akazima meni swichi, akapima tena ahakikishe, ndipo akafungua boksi. Waya mweusi wa nyutro, yaani wa kurudishia umeme, ule unaotoka meni swichi kwenda kwenye baa, kipande cha chuma ambapo nyutro zote za nyumba zinakutana, ulikuwa umegeuka kahawia. Plastiki yake imejikunja ikarudi nyuma kama ganda la korosho lililopita motoni, shaba ikabaki uchi, na juu ya shaba kutu ya kijani, maana bahari haiko mbali. Skrubu aliizungusha kwa vidole viwili, bisibisi iko mfukoni.

Nikauliza mbona breka haikukata. Akasema breka inangoja umeme uzidi, na hapa haukuzidi hata kidogo. Kiungo kimelegea tu, na kiungo kilicholegea kinakula umeme na kutoa joto. Amperi 5 za pasi mara volti 9 ni wati 45. Hicho ni chuma cha kulehemu cha fundi redio, kimewashwa ndani ya boksi la plastiki, kila mama anaponyoosha kanga zake. Nimeirudia hesabu hiyo usiku kucha.

Halafu kuna harufu. Mama alikuwa ananiambia nyumba inanuka samaki, nami namwambia ni wa jirani, Tanga hii nani hakaangi samaki? Fundi ndiye aliyetufumbua macho: baadhi ya plastiki za vifaa vya umeme zikiungua, hutoa harufu ya samaki. Akakata kile kipande kilichoungua akampa mama. Mama akakinusa, akakaa kitini, hakusema neno kwa muda.

Lililonitisha kuliko yote ni la mwisho. Nyutro ingekatika kabisa, nyumba nzima ingezima, na mama angedhani umeme umekatika mtaani. Lakini laivu, waya unaoleta umeme, ingekuwa bado imo, mpaka ndani ya pasi aliyoishika.

Waya umebadilishwa, baa imebadilishwa, skrubu zote zimekazwa moja moja. Taa zimetulia. Bado kuna dari la chumba cha nyuma, ambako fundi ameona viungo vya kusokota kwa mkono na kufungwa tepu, bila konekta. Amekizimia breka yake. Jumamosi narudi na waya mpya wa milimita 2.5 za mraba, na safari hii nalala huko mpaka kazi iishe.

Nilipokuwa naaga mama alikuwa anachomeka pasi. Akaenda kwanza kuzima friji. Nikamwambia mama, acha, haina haja tena. Akaiwasha pasi, lakini akabaki amesimama na kanga mkononi, anaiangalia taa.