Wiki ya Arubaini, Posa na Makasha ya Njumu

Habari za nyumbani hazimsubiri mtu apumzike. Nimeshuka kutoka Maskati Jumamosi mchana, na jua halijachwa nimeshajua kwamba binti wa kaka anaposwa Alkhamisi. Kwamba mama mdogo katolewa mtoto wa jicho na sasa anasoma msahafu bila taabu. Kwamba mjukuu wa shangazi anatimia arubaini wiki hii hii. Na kwamba kijana aliyekuwa akituuzia kwenye vibanda vyetu vya vitu vya kale Hurumzi, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, kapata kazi ya hoteli Nungwi, kwa hiyo kuanzia Jumatatu msimamizi ni mimi. Kila habari ilikuja na mtu wake, na kila mtu alitaka awe wa kwanza kunambia. Miaka yote ya Oman habari zilinifikia kwa simu, moja moja, nyingine mambo yameshakwisha. Beit el Ajaib, lile jumba letu kubwa la kale la Forodhani, ilipoporomoka upande mmoja Disemba 2020 nilikuwa kazini Ruwi, Maskati. Niliangalia picha nikalia mbele za watu. Safari hii nimekuja kukaa, na naandika wiki yangu ya kwanza kabla mambo hayajachanganyika kichwani.

Vibanda ni viwili. Kimoja ni fremu ya duka chini ya nyumba, cha pili ni meza ndefu tunayoitandaza barazani asubuhi na kuiingiza magharibi. Mwenyewe ni shangazi, tangu alipofiwa na mumewe. Vitu vyetu ni vya kale: makasha, mabirika, madele ya kahawa, saa za ukuta, sahani na bakuli za kauri, sarafu, kufuli kongwe na vipande vya milango iliyochongwa. Kipupwe kimeingia, upepo wa kusi unapita kwenye vichochoro, na wageni wameanza kuwa wengi. Lakini Jumatatu asubuhi shangazi hakunifundisha kuuza. Alinikalisha akaniwekea riale mkononi.

Riale ya Maria Theresa ina mwaka 1780, na mgeni akiuona mwaka ule anadhani ameshika sarafu ya umri huo. Shangazi hataki kabisa auziwe hivyo. Mwaka 1780 ndio aliofariki yule malkia wa Austria, na baada yake riale ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna, London, hata Bombay, mpaka karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walikuwa hawaamini nyingine. "Mwambie ni riale ya kweli, ya fedha, na umri wake hatuujui. Akitaka atanunua." Sarafu anayoipenda yeye ni ndogo, ya shaba nyekundu: pesa ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, yenye mizani upande mmoja. Bei yake si kubwa na wageni wengi wanaipita. Shangazi humwita mtoto yeyote wa mtaani aliyesimama karibu akamwonyesha ile mizani, akamwambia hii ilikuwa pesa ya Zanzibar.

Kwa gramafoni zenye pembe ya shaba inayong'aa hana maneno mengi. Mpya hizo, zinatoka India, na sisi hatuziweki. Wanaoziuza kwa jina la ukale wanatuharibia mtaa mzima, na hili nalisema kwa uchungu, maana mgeni aliyedanganywa duka la kwanza haamini tena hata duka la tano lenye kitu cha kweli.

Bakuli ndizo zilizonishika zaidi. Nimekulia nyumba yenye bakuli za maua kwenye zidaka na sikuwahi kuuliza zilikotoka. Shangazi aliigeuza moja, akanionyesha chini alama ya mnyama mwenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba: kiwanda cha Petrus Regout, Maastricht, Uholanzi. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 viwanda vya mji ule vilileta vyombo vingi pwani hii na Oman, vingi vikiwa na maua yaliyogongwa kwa sponji, maana watu wa huku waliyapenda. Bibi alikuwa akipakulia biriani ya Idi humo.

Jumanne walikuja ndugu wawili na mkokoteni, juu yake kasha la njumu la marehemu mama yao. Kasha zuri. Mbao za msaji, misumari ya shaba iliyopangwa kama maua, droo tatu chini, na ndani pembeni kile kijisanduku chenye kishubaka cha siri cha kuwekea dhahabu na hati. Shangazi alipapasa miguu, akavuta droo akaangalia upande wa nyuma usioonekana, maana fundi wa kuigiza hung'arisha mbele na nyuma akasahau. Akainusa. Kisha, badala ya kutaja bei, akauliza:

"Dada yenu wa Wete anajua?"

Wakanyamaza. Mmoja akasema, "Bi mkubwa, wewe umemjuaje dada yetu?"

"Nilikuwepo harusini kwake. Mama yenu alilifungua kasha hili mbele yetu akamtolea kanga. Mpigieni. Akiridhia, njooni tuzungumze bei, na nitawapa bei ya haki. Kasha na likae kwangu, halitauzwa."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi hii. Nilidhani shangazi anajua vitu kwa sababu ameviuza muda mrefu. Kumbe anajua watu: nani kaolewa wapi, nani alihama Malindi akaenda Ng'ambo, nani alirithi nini na nani alinyimwa. Habari hizi hizi za arubaini na posa, ambazo kwenye simu nilikuwa nikizisikiliza nusu nusu nikiwa na haraka ya kazi, ndizo zinazomwambia kasha limetoka nyumba gani na kama anayeliuza ana haki ya kuliuza. Huko Matrah nimeona makasha kama haya, wenyewe wanayaita mandusi, na wauzaji hukwambia "la Zanzibar" kwa fahari. Si ajabu, majahazi ya Surat, Bombay, Ghuba na Unguja yalibeba vitu hivi mbele na nyuma kwa pepo za kaskazi na kusi. Lakini hapakuwa na mtu wa kunambia la Zanzibar nyumba ya nani.

Dada wa Wete alipiga simu kesho yake. Hakuridhia. Analitaka, na ndugu zake watampelekea Pemba kwa boti. Shangazi amekosa biashara ambayo ingelipia bili zetu za miezi, na alifurahi waziwazi. Mimi pia. Msinielewe vibaya: vibanda hivi ndivyo vilivyotusomesha, na kuuza si dhambi. Kitu kisichotakiwa na mtu nyumbani, kinachooza stoo kwa unyevu na mchwa, bora kiende kwa anayekithamini, awe wa Italia au wa Mkunazini. Ninachokiogopa ni kitu kuondoka kisiri, mmoja wa warithi kakosa habari, na ndani ya wiki kiko ndani ya kontena.

Jumatano ilikuwa arubaini. Mtoto wa kike, mnene, macho mazito. Maulidi yakasomwa, udi ukafukizwa, mzazi akatoka chumbani na hina mikononi na kila mtu akasema amerudi kuwa binti. Bokoboko lilipikwa tangu usiku. Nilisongea pamoja na wenzangu mpaka mabega yakauma. Mama mdogo alimshika mtoto, akamsogeza dirishani penye mwanga, akasema, "Huyu nimemwona vizuri." Wale waliozaliwa kabla ya operesheni yake aliwajua kwa sauti tu.

Posa ya Alkhamisi ilikuja baada ya alasiri. Wazee wa upande wa kijana waliketi ukumbini na kaka, sisi wanawake chumba cha pili, pazia katikati, kimya, tumetega masikio. Tende, halua, visheti, kahawa. Maneno yakaenda kwa adabu zake na jibu likatoka siku ile ile, jambo ambalo zamani lisingekuwa. Harusi Mfunguo Sita, inshallah. Mvutano ulianza wageni walipokwisha kuondoka. Wifi yangu anataka bwana harusi alete seti ya chumba mpya, na kabati la nguo lenye vioo milango yote. Binti mwenyewe akasema kwa sauti ya chini lakini bila kutetereka kwamba anataka kasha.

"Kasha utaweka nini, mama? Nguo zitakunjamana," akasema wifi.

"Bibi yake alizikunja," akajibu shangazi.

Wamebishana mpaka isha. Mimi niko upande wa binti, na nimemwambia wifi kwa heshima zote. Kabati la vioo litadumu miaka kumi likipata bahati. Kasha litakuwa na wajukuu wake. Isitoshe, hii ndiyo njia ninayoiona mimi ya vitu hivi kubaki Unguja: vinunuliwe na vijana wanaoanza nyumba, kwa bei ya kijana wa hapa. Shangazi ana kasha dogo lililokaa nyuma ya duka tangu sijaondoka, bawaba moja imelegea. Amelitoa, fundi wa shaba atakuja kulitazama. Wifi bado hajakubali kabati lisiwepo, na yamkini vitakuwepo vyote viwili.

Ijumaa tulifungua baada ya sala. Alikuja bibi mmoja na wajukuu zake, wa kutoka Maskati, Kiswahili chake cha mjini hasa. Aliondoka mwaka 1964 akiwa mtoto. Aliigeuza bakuli akaiona ile alama, akawasimulia wajukuu jiko la mama yake, Kiponda, mpaka kata ya kuchotea maji. Shangazi akamuuliza jina la baba, wakaanza kuhesabu jamaa, na mahesabu yakachukua muda mrefu kuliko biashara. Bei ilishuka bila yeye kuomba.

Nimenunua daftari kubwa la mistari. Kila kitu cha duka kitaandikwa: kimetoka mtaa gani, kimeletwa na nani, kina ufa wapi, mke wa nani alikitumia. Shangazi anasema, mimi naandika, na yeye husahihisha. Tumemaliza rafu ya bakuli. Jumatatu tunaanza makasha, na Jumanne anataka twende wote Mkunazini, kuna nyumba inahamwa na wenyewe wamemwomba aje kuangalia kabla hawajaita mwingine. Amenambia nivae viatu vya chini, ngazi zake ni mbovu, na niende nikiwa nimeshajua majina ya watoto wote wa nyumba ile.