Siku yangu chini ya Fisi

Saa kumi na moja alfajiri naamka, saa kumi na mbili na nusu niko kwenye daladala, saa mbili studio. Studio yenyewe ni nyumba ya kupanga, sebule imewekewa magodoro ukutani kuzuia mwangwi. Nachezesha vikaragosi kwenye kipindi cha televisheni cha vichekesho kinachowavuta watoto wasome. Ndugu zangu husema nachezea midoli.

Saa tatu tunapitia maandishi. Leo Fisi, anayejidai msomi, anakuta geti lina kibao: MBWA MKALI. Anasoma "mbwa… m… ka…", subira inamwishia, anajimalizia: "Mbwa mkate!" Anaingia akilamba midomo. Utamu wote uko kwenye silabi ya mwisho. Watoto wa darasa la kwanza hubahatisha vivyo hivyo. Anayecheka ni yule aliyelisoma neno likaisha. Mbinu ni ya zamani. Wamarekani walianza kipindi cha televisheni cha kufundisha kusoma kwa vichekesho, The Electric Company, mwaka 1971, mwigizaji Morgan Freeman akiigiza Easy Reader, jamaa mwenye uchu wa kusoma kila andishi linalompitia.

Saa nne, kamera. Nimepiga magoti nyuma ya geti la plaiwudi, mkono wa kulia juu ndani ya kichwa cha Fisi, wa kushoto kwenye fimbo ya mkono wake, macho kwenye skrini iliyo sakafuni. Nikimsogeza kulia kwangu, kwenye skrini anakwenda kushoto. Silabi moja, mdomo mara moja, na mdomo hufunguliwa kwa kushusha kidole gumba. Ukiinua vidole vya juu, Fisi anatazama dari, na mtoto hutazama anakotazama Fisi. Macho yasiachane na kibao.

"M… ka…" Grenda! Jirani yetu ni fundi wa mageti. Fundi sauti anainua mkono, tunasimama. Tunaanza upya. "Mbwa…" Grenda. Mwishowe natumwa mimi, jasho linanitoka, Fisi bado yuko mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua, mnarekodi. Na mimi mteja anataka geti lake leo."

Hapo ana haki. Tunakubaliana: akipima, turekodi, akikata, tupumzike. Kumbe kupima kwenyewe ni dakika moja! Halafu adhana. Halafu mvua juu ya bati, na ilipokatika ikaondoka na umeme. Chakula sikumbuki tulikula saa ngapi. Mwalimu anayetushauri anataka kibao kikae kwenye picha mpaka msomaji wa polepole naye amalize, kwa hiyo Fisi lazima atulie, na kumtuliza kunaumiza bega kuliko kumrusharusha. Mwenzangu anakuja kunishikilia kiwiko.

Baadaye, giza limeshaingia, "Mbwa mkate!" ikatoka safi kabisa. Mpiga picha, aliyeisikia tangu asubuhi, akacheka, kamera ikatikisika. Tukarudia.

Ndani ya Fisi kumelowa jasho, namgeuza nje ndani apate hewa. Kesho tuna kibao cha USIKOJOE HAPA. Mwalimu anabisha kwamba hakifai kwa watoto. Mimi nasema wanapita mbele yake kila siku wakienda shule, bora wakisome vizuri.