Almasi ya Pete ya Uchumba Haipotei kwa Wezi Peke Yao

Hapa Kigoma, binti akivishwa pete yenye almasi, ushauri wa kwanza anaopewa na shangazi zake ni kuificha: asiivae sokoni, asiivae juu ya bodaboda, na usiku aifungie kabatini. Ushauri huo ni wa busara na ninauheshimu, ila unatazama upande mmoja tu wa hatari. Almasi inaweza kumtoka mwenye pete ilhali pete yenyewe bado iko kidoleni, bila mwizi wala purukushani, kwa sababu kile kilichoishika kimelika polepole pasipo mtu kugundua. Ikitoka kwa njia hiyo, hata mtu aliyelipa ada ya bima kila mwaka anaweza kunyimwa fidia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kukagua pete na kuikatia bima ni kazi moja, na anayefanya moja akaiacha nyingine hajajilinda.

Almasi ndiyo madini ya asili magumu kuliko yote, nayo hupewa 10 katika kipimo cha ugumu cha Mohs. Hata hivyo ugumu huo ni wa kutokwaruzika tu. Jiwe lenyewe lina pande ambazo likigongwa kwa nguvu, hasa ukingoni, humeguka. Tena jiwe halijishiki lenyewe. Linashikwa na dhahabu, na dhahabu ni laini: ile ya karati 18 ina sehemu 75 kwa 100 za dhahabu halisi, na zilizobaki ni metali nyingine zilizochanganywa ili kuiimarisha. Vile vishikio vyembamba vinavyopanda pembeni mwa jiwe na kukunjwa juu yake husuguana na sufuria, ndoo, vitasa na pete nyingine ya jirani, na kila msuguano huondoa kidogo. Pete ya vishikio sita huweza kuvumilia kimoja kikikatika. Ya vishikio vinne hubaki katika hatari kubwa. Kwa mwanamke ambaye mikono yake hufanya kazi kutwa, mimi ningependekeza jiwe lizungushiwe ukingo mzima wa dhahabu, hata kama watu watasema almasi haionekani vizuri.

Kwetu kuna jambo jingine, nalo ni mawese. Almasi haipendi maji lakini hunasa mafuta upesi sana, kiasi kwamba machimboni walikuwa wakipitisha mchanga wa mawe yaliyopondwa pamoja na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, almasi zikaganda hapo na vingine vikaenda na maji. Jikoni mambo huenda vivyo hivyo: mafuta hujipaka chini ya jiwe, unga na vumbi vikashika juu yake, pete ikafifia, na uchafu ule ukaziba nafasi ambayo ingeonyesha kwamba kishikio kimeinuka. Pete isafishwe ndani ya bakuli, si juu ya sinki lenye tundu wazi, kwa maji ya vuguvugu, matone ya sabuni ya vyombo na mswaki laini unaofika hadi nyuma ya jiwe. Dawa za kung'arisha nguo zenye klorini zisiikaribie kabisa, kwa kuwa hushambulia metali zilizochanganywa na dhahabu na kuvifanya vishikio viwe na nyufa. Mchanga tunaosugulia masufuria hauwezi kuikwaruza almasi, lakini dhahabu utaila.

Nyumbani, mwenye pete anaweza kuigongagonga taratibu kwa kidole karibu na sikio na kusikiliza kama kuna mlio wa kucheza, au kuipitisha juu ya mtandio mwepesi aone kama kuna kishikio kinachonasa nyuzi. Vipimo hivi vinasaidia, ila havitoshi. Mzee mmoja sonara wa Mwanga, nilipomwamkia na kumwomba aangalie kama jiwe la pete niliyompelekea linacheza, aliitikia marahaba kisha akanisahihisha kwa upole: "Mwanangu, jiwe likicheza umeshachelewa. Niulize kishikio kimebaki na unene gani." Aliitazama kwa lenzi inayokuza mara 10, kishikio kimoja baada ya kingine, akanionyesha kilichokuwa kimelika kichwani. Nilimwomba aniandikie hayo kwenye risiti: tarehe, hali ya kila kishikio, kazi aliyoifanya, na mhuri wake. Ukaguzi wa namna hiyo ufanyike walau kila baada ya miezi sita, na karatasi zake zitunzwe zote.

Karatasi hizo ndizo zinazoingia kwenye bima. Bima ya kawaida ya mali za nyumbani huangalia zaidi moto na wizi wa kuvunja nyumba, na mara nyingi huweka kikomo kidogo kwa vito. Pengine hailipi kabisa kitu kikipotelea nje ya nyumba. Pete huishi nje. Inapanda boti, inaenda Ujiji harusini, inashuka Kibirizi kununua dagaa. Kwa hiyo iombewe kuorodheshwa kwa jina na thamani yake, pamoja na kinga dhidi ya kupotea na kuharibika kwa ajali popote ilipo, na wakala aulizwe waziwazi: jiwe likidondoka peke yake, pete ikabaki, mtalipa? Jibu lisiwe la mdomo. Lisomwe katika mkataba. Karibu mikataba yote huondoa uchakavu na ukosefu wa matunzo katika mambo yanayolipiwa. Kishikio kilichovunjika kwa kugonga ukingo wa boti ni ajali, kilicholika kwa miaka ni uchakavu, na mwenye kuthibitisha tofauti hiyo ni yule aliye na risiti ya sonara inayosema kwamba miezi michache kabla vishikio vyote vilikuwa imara.

Thamani nayo isikisiwe. Cheti cha almasi huonyesha uzito wake, ambapo karati moja ya jiwe (si ile ya usafi wa dhahabu) ni gramu 0.2, pamoja na rangi, usafi na ubora wa ukataji. Mawe mengine yenye vyeti, kama baadhi ya yale ya GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, huchorwa namba kwa leza kwenye ukingo, na namba hiyo husomeka kwa lenzi. Nimesikia watu wakitosheka na maneno ya muuzaji kwamba jiwe ni la mgodi wa Mwadui, Shinyanga. Mgodi huo ni fahari yetu, uligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, na mwaka 1947 ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5 aliyopewa Malkia Elizabeth alipokuwa bado binti mfalme; lakini sifa ya mgodi si uthibitisho wa jiwe lililo kidoleni. Almasi iliyotengenezwa maabara ni almasi kweli, ila bei yake ni ya chini sana kuliko ya asili. Moisanaiti, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, si almasi kabisa, na bado huweza kukipita kile kifaa cha kupima jinsi jiwe linavyopitisha joto wanachotumia wauzaji wengi. Bima imejengwa juu ya ukweli wa anayeiomba, na maelezo yasiyo sahihi yanaweza kuua dai zima.

Wapo pia wanaopunguza thamani ili walipe ada ndogo. Pete ya shilingi 4,000,000 ikikatiwa bima ya 2,000,000, kisha ikapata hasara ya 1,000,000, kampuni inayofuata kanuni ya uwiano, yaani kulipa kwa kadiri ya sehemu ya thamani iliyokatiwa bima, italipa 500,000 tu.

Jambo la nani hasa mwenye pete nalisikia likijadiliwa kwa nadra, nalo ni zito. Kabla ya ndoa kufungwa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyetoa zawadi kuidai mahakamani, mahakama ikiridhika kwamba aliitoa kwa sharti la ndoa kufungwa. Basi wachumba wazungumze, na kampuni iambiwe ni nani anayeivaa na ni nani aliyeinunua, ili jina katika mkataba lisije likawa sababu ya kukataliwa. Kampuni na wakala wawe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, na mgogoro ukitokea yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Siku jiwe likikosekana, nyumba isifagiwe kwanza. Zima taa, laza tochi sakafuni, mulika sambamba na ardhi uone kinachometa. Kagua mifuko, matandiko, na kiwiko cha bomba la sinki. Lisipopatikana, toa taarifa polisi na kwa kampuni mapema, kwa maandishi. Pete yenyewe isinyooshwe wala kutengenezwa mpaka mkaguzi wa kampuni aione, maana vishikio vilivyobaki ndivyo ushahidi wa jinsi jiwe lilivyotoka.