Boila iwashwe saa ngapi?

Hapa Glasgow nashika funguo za ukumbi wa kanisa. Mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja, mlinzi wa kanisa, dunia hii! Jengo ni la mawe, dari juu mpaka shingo inauma. Ibada ya Kiswahili huanza Jumapili saa nne asubuhi.

Aliyenitangulia aliitega boila, mtambo wa gesi unaochemsha maji ya kupasha ukumbi joto, iwake saa kumi alfajiri, iwe Oktoba, iwe Februari. Siku nyingine saa moja ukumbi ushapata joto, gesi inaunguzwa kwa ajili ya viti vitupu. Siku nyingine kina mama wanaimba na makoti. Nikadhani dawa ni kupandisha themostati, kile kidude cha kupangia joto, hadi nyuzi 25. Wapi! Rejeta (ndiyo, kama ya gari), yaani vyuma vinavyopitishwa maji ya moto ya boila, hazina mbio za ziada. Zinachelewa kuzima tu.

Nikanunua vipimajoto vitatu vinavyojiandikia vyenyewe: kimoja nje, kimoja katikati ya ukumbi, kimoja nikakibandika ukutani. Grafu ikanifumbua macho. Hewa inapanda upesi saa ya kwanza, kisha inaenda mwendo wa kinyonga. Ukuta ndiyo kwanza unaamka. Ndipo nikamwelewa mzee wetu wa Uvira, Kongo, akaaye karibu na ukuta, aliyeniambia, “Mutoto yangu, humu ni frigo!” huku kipimo kinasoma 18. Hewa ilikuwa na joto, lakini mwili wake ulikuwa ukilipasha lile jiwe.

Kwetu ukuta mnene ni neema: unakula joto la mchana taratibu, ndani mnabaki ubaridi. Huku tabia hiyo hiyo inanimaliza.

Hesabu ni ya mwanasayansi Newton: kadiri ndani kunavyozidi nje kwa joto, ndivyo joto linavyovuja kwa kasi. Natafuta namba mbili, rejeta zinaingiza kiasi gani na kuta zinapoteza kiasi gani. Ya pili naisoma usiku, boila ikiwa imezimwa, mstari wa grafu unavyoshuka. Ila ukumbi ukitumika Ijumaa, mawe huwa na akiba ya joto mpaka Jumapili. Kwa hiyo Jumamosi usiku nasoma kipimo cha ukutani kabla ya kutega saa.

Juzi ukuta ulisoma 11, nje 3. Nikapiga hesabu, nikatega boila iwake saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Saa nne kamili ukumbi ulikuwa 18 na nusu. Mzee wa Uvira akavua kofia. Koti hakuvua.