Alama kumi zilizopotea, na nilivyozirudisha kwenye mkataba

Mimi ni afisa ununuzi katika taasisi ya umma, na zabuni iliyonifundisha kazi ni ya usafi wa majengo yetu. Ilikuwa mara ya kwanza kuagizwa tuweke kigezo cha manufaa kwa jamii. Nilitenga alama 10 kati ya 100, nikaandika sentensi moja: mzabuni aeleze atakavyochangia ustawi wa jamii. Nikaona nimemaliza.

Majibu yalikuja yamenona. Huyu atapanda miti, yule atawasaidia yatima, mwingine atadhamini mashindano ya mpira. Kamati ya tathmini iligawa alama kwa uzuri wa maandishi, maana sikuwa nimeipa kipimo kingine. Kampuni iliyoshinda ilipata tisa. Mwaka ulipokwisha mkaguzi wa ndani aliniuliza miti iko wapi. Nilifungua mkataba nikakuta hakuna mti hata mmoja uliotajwa. Ahadi zote zilikuwa zimebaki kabatini, kwenye nyaraka za zabuni.

Hilo la miti ningeweza kulimeza. Lililoninyima usingizi lilikuja alfajiri moja, nilipomkuta mama mmoja akipiga deki kwenye ukumbi wetu. Nilimwamkia, nikamuuliza kazi inaendaje. Akasema, "Mwanangu, huu mwezi wa pili hatujalipwa." Nilikwenda kufuatilia nikiwa nimeikasirikia kampuni, nikakuta ankara yake imekaa siku 70 ndani ya ofisi zetu bila kuidhinishwa. Tulikuwa tumetoa alama kwa ajili ya yatima huku tukichelewesha mshahara wa anayefagia mlango wetu.

Nikaanza kusoma. Nilichokiona kina msaada zaidi ni cha zamani kuliko nilivyotarajia: Mkataba namba 94 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949. Unazitaka nchi zilizouridhia ziweke vifungu vya ajira ndani ya mikataba ya umma, ili ujira na saa za kazi visiwe duni kuliko vya wengine wafanyao kazi hiyohiyo mahali hapo. Unataka pia hatua zichukuliwe, kama vile kuzuia malipo ya mkandarasi, ili wafanyakazi wapate ujira wao. Nikatazama na Uingereza. Sheria yao ya mwaka 2012 ilizitaka taasisi za umma zitafakari tu manufaa ya kijamii kabla ya kununua huduma. Ilipofika Januari 2021 ndipo serikali kuu ikaweka kima cha chini cha asilimia 10 ya alama katika zabuni zake kubwa. Mimi nilikuwa nimeichukua hiyo asilimia 10 na kuacha nyuma kazi yote inayoifanya iwe na maana.

Zabuni ya pili niliianza kwa kikao na kampuni za usafi, kubwa na ndogo, kabla ya kuandika chochote. Mwenye kampuni ndogo alinionyesha kosa ambalo nisingeliona peke yangu. Nilikuwa nataka kuuliza, "Utaajiri vijana wangapi?" Alisema swali hilo linampa ushindi mwenye watu 300, hata kama anawatendea vibaya wote. Tukabadilisha: katika kila wafanyakazi kumi utakaowaleta kwetu, wangapi watakuwa watu waliokaa muda mrefu bila ajira, na wangapi watapata mafunzo yenye cheti? Hapo mwenye watu kumi na mwenye watu 300 wanapimwa kwa mizani moja.

Miti, yatima na mpira niliviondoa, na kuna wenzangu waliona nimekuwa na roho ngumu. Lakini fedha ya umma ilikuwa inanunua usafi, na manufaa niliyoyataka yalipaswa kutoka kwa watu wanaofanya usafi huo. Kigezo kisichohusiana na kazi inayonunuliwa ni rahisi kukitumia kumpendelea mtu, na mzabuni aliyeshindwa akilalamika utakosa la kumjibu. Majengo niliyagawa katika mafungu matatu ili kampuni ndogo nazo ziweze kuomba.

Kisha mkataba. Kila ahadi iliyopata alama iliingia kwenye kiambatisho, ikiwa na idadi, tarehe na ushahidi utakaoletwa. Ankara ya kila mwezi iliambatana na orodha ya mishahara iliyosainiwa na wafanyakazi wenyewe. Tuliandika kwamba tutazuia sehemu ya malipo mishahara isipolipwa. Upande wetu nao ukafungwa: ankara iliyokamilika ilipwe ndani ya siku 30. Kifungu hiki cha mwisho ndicho kilichonigharimu vikao vingi kuliko vyote, kwa kuwa watu wa fedha hawakupenda kujifunga. Nilimleta yule mama kwenye kikao kimoja, kwa ridhaa yake, aeleze miezi miwili ile. Aliongea kwa dakika chache tu. Kifungu kikapita.

Hesabu ya mwaka wa kwanza haikuwa kamili. Katika fungu moja kampuni iliahidi watu wanane wa mafunzo, wakamaliza watano. Tulikata malipo kama kiambatisho kilivyosema, kisha nikawatafuta wale watatu kujua kulikoni. Wawili walisema mafunzo yalipangwa jioni, na jioni wana watoto wadogo wa kuangalia. Mimi ndiye niliyeweka ratiba hiyo kwenye hadidu za rejea, bila kumuuliza hata mfanya usafi mmoja. Kampuni ilikatwa fedha kwa kosa ambalo nusu yake lilikuwa letu, na nimeliandika hivyo kwenye taarifa ya mkataba.

Sasa ninaandaa zabuni ya tatu. Mafunzo yatafanyika ndani ya saa za kazi zinazolipwa, na najua bei zitapanda kidogo. Wafanyakazi nimeshakutana nao mara mbili. Hakuna aliyegusia mafunzo kwanza. Waliomba glavu za saizi zao na mahali pa kubadilishia nguo. Vyote viwili vimo kwenye rasimu, ukurasa wa pili.