Tairi za AT (all-terrain, za lami na njia mbovu), nilichojifunza baada ya pancha tatu

Mi nilikuwa naangalia kashata tu, yale meno ya tairi, nikiona zimechongoka nasema hii ndo yenyewe, kumbe nilikuwa nadanganyika kabisa. Pancha zangu zote tatu zilipiga ubavuni na huko hakuna kiraka, unatupa tairi nzima. Siku hizi cha kwanza nauliza ubavu una tabaka ngapi, halafu naangalia kama imeandikwa LT (light truck), maana hizo zimetengenezwa kwa mzigo na mawe, ila jua zina uzito, gari inakuwa nzito kuondoka na mafuta yanaenda zaidi kidogo, na gari ikiwa haina mzigo inadundadunda.

Saizi nayo isikutishe. 265/70R17 ni upana milimita 265, urefu wa ubavu asilimia 70 ya huo upana, rimu inchi 17. Ukipanda saizi kubwa spidomita inaanza kukudanganya na tairi inaweza kusugua fenda ukikata kona kali.

Na tarehe jamani! Zile namba nne za mwisho kwenye DOT, ile kodi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mfano 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi "mpya" iliyokaa stoo miaka sita mi siichukui hata kwa bei ya kutupa.

Na MT (mud-terrain, tairi za tope)? Kama haushindi kwenye tope achana nazo, kwenye lami zinapiga kelele mpaka redio husikii, na mvua ikinyesha breki zake siziamini.

Kwenye mchanga punguza presha, ila ukirudi lami ujaze tena, usijisahau kama mimi.