Tiketi Namba 2

Dereva mwenye tiketi namba 2 alifika dirishani kwangu kabla ya saa tatu asubuhi. Hakupiga kelele. Aliweka kikaratasi chake juu ya meza, akakinyoosha kwa kidole gumba, akaniuliza, "Kijana, mimi niko wapi humu ndani?"

Nikatazama kioo cha kompyuta. Namba 1, ambaye lori lake lilishatoka getini likielekea Malaba, bado aliongoza foleni na spika ya yadi ilikuwa ikimwita tena. Namba 3, 4 na 5 walikuwepo. Yeye hakuwepo.

"Subiri kidogo, mzee," nikamwambia, na sauti ikanikauka. Alikuwa amelala ndani ya lori usiku kucha ili awahi ile namba.

Ilikuwa mwaka 2014, katika yadi moja ya makontena huko Changamwe, na programu ya foleni nilikuwa nimeiandika mimi, kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Wiki nzima ilifanya kazi vizuri. Jioni iliyotangulia nikaamua kuisafisha. Kigeu, yaani jina linalohifadhi thamani ndani ya programu, kilichobeba namba ya tiketi kilikuwa cha aina ya Integer, yaani namba iliyofungwa ndani ya objekti. Nikakifanya int, namba tupu, kwa kuwa nilisoma kwamba int ni nyepesi. Nilibadilisha neno moja tu. Kompaila, ile inayotafsiri msimbo kabla haujakimbia, haikulalamika, majaribio yote yakatoka kijani, yaani yamefaulu, nikavuka Makupa kurudi nyumbani moyo ukiwa mweupe.

Dada aliyekuwa mkubwa wetu kazini alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Kwanza alimwandikia yule dereva kwa mkono, akampeleka getini mwenyewe. Aliporudi akasoma msimbo wangu kimya, kisha akauliza jambo ambalo nililiona halihusiani kabisa.

"Nikikutuma jikoni ukalete kaa, utaleta nini?"

"Inategemea, dada."

"Nikisema kaa hili, utatafuta koleo. Nikisema kaa huyu, utachunga gando lisikubane. Neno ni moja. Kinachoamua ni kile kinachofuatana nalo, na wewe unaamua kabla hujainuka kitini."

Hapo nikaelewa. Orodha ya Java ina methodi mbili, yaani amri mbili, zinazoitwa remove (ondoa). Ukiipa objekti, huitafuta objekti hiyo na kuiondoa. Ukiipa int, huondoa chochote kilichoko kwenye nafasi hiyo, na nafasi huhesabiwa kuanzia 0. Niliposema iondoe 1, ikaenda nafasi ya 1, ambayo kwetu sisi ni ya pili, ikamkuta pale namba 2 na kumtoa. Wala haikubahatisha. Kompaila huchagua methodi kwa kuangalia aina iliyotangazwa, programu ikiwa bado haijaanza hata kukimbia, na mimi ndiye niliyeitangaza int.

Lakini kilichoniuma zaidi ni jaribio langu. Nilikuwa nimetengeneza orodha ya 0, 1, 2, kisha nikaondoa 2. Namba 2 iko nafasi ya 2! Methodi zote mbili hutoa jibu lile lile, kwa hiyo jaribio lile lisingeweza kunionya hata kidogo. Mpaka leo naamini kuwa jaribio la namna hiyo ni bora lisiwepo, maana linakupa usingizi usiostahili.

Jioni ile hatukuondoka mapema. Dada alinunua kahawa tungu kwa muuzaji wa nje, akaniambia niandike klasi, yaani kifungu cha msimbo, yenye methodi tano za jina moja, kila moja ikirudisha jina la aina inayopokea: int, long (namba tupu yenye nafasi kubwa kuliko int), Integer, Object (objekti ya aina yoyote), na ya mwisho inayopokea int zozote ngapi. Kisha niite kwa 5, na kila ikijibu moja niifute, nione nani anafuata.

"Utaanza int," akasema. "Halafu?"

"Integer," nikajibu bila kufikiri.

Ikajibu long. Nilikimbiza tena nikidhani nimekosea kufuta. Long. Baada yake ndiyo ikaja Integer, kisha Object, na ile ya int zozote ngapi ikawa ya mwisho. Akanieleza sababu, nami naiona ni ya busara: kuifunga namba ndani ya objekti bila kuambiwa, pamoja na methodi za idadi yoyote, vilikuja na Java 5 mwaka 2004. Waliotunga sheria hawakutaka msimbo wa zamani uamke siku moja ukiita methodi nyingine. Ndiyo maana kompaila hutafuta kwa hatua tatu: kwanza bila kufunga wala kufungua, pili kwa kuruhusu hilo, na idadi yoyote ndiyo hatua ya tatu, tena ikiwa tu hatua zilizotangulia hazikupata kitu.

Kisha nikarudi kwenye foleni yangu. Nikaandika remove(Integer.valueOf(tiketi)), inayoifunga namba ndani ya objekti kwanza, na jaribio jipya la orodha 4, 9, 1, nikiondoa 1. Ikiondolewa tiketi, hubaki 4 na 9. Ikiondolewa nafasi, hubaki 4 na 1. Kijani.

"Sasa rudisha kosa lako," dada akasema.

Nikarudisha int. Jaribio likawaka jekundu, na nikaliangalia kwa muda kabla ya kulirekebisha.